Koti la NIMEJI

Kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kuna koti limetundikwa msumarini tangu Oktoba 2024, na kila mteja mgeni lazima aulize, "Dada fundi, nimeji ndo nini?" Maana mgongoni limeandikwa NIMEJI kwa herufi kubwa za kitenge, chini yake hamna kitu. Mwanzoni nilikuwa naeleza kwa kirefu, siku hizi nasema ni jina la mwenye koti, hajaja kulichukua. Leo ngoja niandike yote mara moja maana nimechoka kudanganya watu.

Kisa kilianzia kwenye sare ya sendoff. Kuna kina mama wa kikoba wa mtaa wetu, wako kumi na wawili, walikuja mwezi wa tisa mwaka huo kuchagua sare, binti wa mwenzao anaagwa. Kama hujawahi kushonea kikundi hujui mateso. Wiki tatu nzima grupu la wasap linawaka, huyu anataka peplamu, yule anasema peplamu inamtoa tumbo, mwingine anauliza mikono mifupi kwa baridi gani hii mnataka tufe na nimonia au, na rangi ndo usiseme. Mwisho wakaamua kupiga kura. Kura kweli, kila mtu aweke dole chini ya picha ya kitenge anachotaka. Wakahesabu, madole kumi na tatu. Watu kumi na wawili, madole kumi na tatu! Kumbe mmoja alikuwa na namba mbili kwenye grupu, kapiga na zote. Uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa kesho yake, na mwenyekiti akatoa onyo kali.

Mi nilicheka mpaka nikachoma kidole na pasi. Siku wanakuja kupima nikawauliza tu kiutani, jamani na ule uchaguzi wa mtaa mmejipanga hivihivi? Kimya. Mmoja akasema uchaguzi si mwakani. Mwingine akasema yeye ana kadi ya mpiga kura tangu 2015 kwa hiyo hana shida. Hakuna aliyeweza kunitajia jina la mtu mmoja anayegombea uenyekiti wa mtaa, huyohuyo ambaye ukitaka barua ya utambulisho ya kwenda benki au ya kumdhamini mtoto polisi unapitia mlangoni kwake. Lakini jina la kitenge, bei yake kwa doti, duka linalouza na duka linalouza feki, wote wanajua.

Hapo kwenye kadi ngoja nikae kidogo maana nimegundua watu wengi sana wanachanganya. Kadi ile ya mpiga kura, yenye picha, ile uliyochukuliwa alama za vidole, ni ya Daftari la Kudumu, la Tume ya Uchaguzi. Ule uandikishaji wa vidole ulianza Februari 2015 na ulianzia hukuhuku kwetu Nyanda za Juu, Makambako pale, mkoa wa Njombe. Sasa uchaguzi wa serikali za mitaa ni kitu kingine, unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, una orodha yake ya wakazi wa mtaa au kitongoji, na hata kama una kadi ya Tume umeitunza kwenye nailoni kama hati ya kiwanja, usipoenda kujiandikisha kwenye orodha ya mtaa hupigi. Mwaka 2024 orodha hiyo iliandikishwa siku kumi tu, tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, kura zikapigwa Novemba 27. Siku kumi mtu anamalizia akisubiri mvua ikatike.

Basi usiku ule ndo wazo likanijia. Nikasema hawa watu nguo ndo kitu kinawafanya wabishane, wahesabu, wadai marudio. Kwa nini nisishone koti linalosema NIMEJIANDIKISHA, mtu akilivaa barabarani mwenzie aulize, mazungumzo yaanze? Nikajiona nimegundua umeme.

Kumbe mambo haya ya zamani kweli. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU alipitia kwenye vikundi vya ngoma, akina lelemama, vikundi ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, ada zao na sare zao. Hakuanza na hotuba, alianza na watu ambao tayari wanavaa pamoja na kucheza pamoja. Kitchen party zetu hizi ni wajukuu wa mambo hayo, ila wajukuu waliosahau bibi alikuwa anafanya nini kingine.

Na huku kwetu nimekua naona nguo zinavyosema siasa. Kijijini kwa mama, njia ya Tukuyu huko juu Isongole kwenye viazi, ukiwa mtoto ulikuwa unajua serikali imefika kwa kuona Kaunda suti. Jina la rais wa jirani hapo ng'ambo ya Tunduma, lakini vazi la katibu kata wetu. Mifuko minne mbele, kalamu mbili kwenye wa juu kushoto. Ukiiona unakimbia kumwita baba.

Lakini sasa, sanduku la mama. Ukitaka kujua nguo zinafanya nini kwenye uchaguzi nenda kafungue sanduku la mama yangu, la bati, lile la bluu lenye maua. Kuna kanga za chama, kijani na njano, doti kadhaa hazijawahi hata kukatwa katikati. Kuna skafu. Tisheti sasa, tisheti ni balaa, za wagombea waliopita na walioshindwa, za vyama vitatu tofauti, kila uchaguzi anaongeza. Hazikai sandukuni kwa heshima, zinakaa zikisubiri msimu. Msimu wa kuchimba viazi mama anavaa sweta, juu ya sweta tisheti ya kampeni, juu yake nyingine, kwa sababu asubuhi ya mwezi wa saba Isongole ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa. Ukipita barabarani unaona shamba zima limejaa nyuso za wagombea zimeinama zinachimba viazi. Wengine walishafariki, wamo humo wanapalilia.

Na mama alipiga kura? 2010 hakupiga. Alikuwa na tisheti mbili, kofia na kanga, akalala. Nilimuuliza akasema, "Mwanangu, si walishanipa changu." Sentensi hiyo nimeifikiria miaka. Walishanipa changu. Yaani kwake biashara ilikuwa imeisha, nguo imeshatoka, kilichobaki ni cha wao.

Hakuwa peke yake. Mwaka huo 2010 walioandikishwa nchi nzima walikuwa milioni 20 na ushee, waliopiga kama milioni 8.6, chini ya nusu. Na tisheti zilikuwepo jamani, zilimwagwa kama mchanga. Mahakama Kuu ilishaifuta takrima tangu 2006, ile sheria iliyoruhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura, na sheria ya gharama za uchaguzi ikaja hiyohiyo 2010, lakini kanga ina njia zake za kufika kijijini bila kuonekana ikitembea. Halafu 2015, ule mwaka wa Magufuli na Lowassa, walioandikishwa milioni 23 wakatoka zaidi ya milioni 15 kupiga, asilimia 67. Halafu 2020 walioandikishwa wakapanda mpaka karibu milioni 30, waliopiga wakabaki milioni 15 na kitu, yaani nusu. Tisheti zimekuwepo miaka yote mitatu. Kwa hiyo mtu akiniambia nguo inaleta watu kituoni namwambia nguo ya bure inaleta watu kwenye mkutano, na sanasana inaleta watu shambani.

Ila kuna nguo moja niliiona kwa macho yangu ikifanya kazi, na hii ndo ilinipa moyo. Magwanda.

Wale wa rika langu mnakumbuka. Mwaka 2011 CCM walikuja na ile kujivua gamba, kujisafisha. CHADEMA wakaidaka wakaigeuza, vua gamba vaa gwanda. Sijawahi kusikia kaulimbiu ya siasa iliyonikaa kama ile, na ni kaulimbiu ya ufundi cherehani kabisa, vua hiki vaa kile. Mi nilikuwa najifunza kazi kwa mzee mmoja palepale Mwanjelwa, enzi hizo kila kitu kimebanana baada ya soko kuungua 2006. Vijana walikuwa wanakuja na vitambaa vyao vya kaki. Wanakuja na vitambaa vyao, narudia, wamenunua wenyewe, dereva wa bajaji, muuza mitumba, wanatoa elfu kumi na tano ya ufundi, wanasimama wanakuangalia unavyokata wasije wakadhulumiwa nusu mita. Wanataka mabega yana vile vipande vya kufungia kama askari, mifuko mikubwa yenye kifuniko. Mzee mwenyewe alikuwa na kadi ya CCM tangu chama kinazaliwa 1977 na aliyashona magwanda yale vizuri kuliko fundi yeyote mjini. Nilimuuliza akasema uzi hauna chama.

Sasa kijana aliyetoa hela yake ya chakula akashona gwanda, yule hakulala siku ya kura. Alijiandikisha, akalinda, akabishana mita 200 ni hatua ngapi (mnakumbuka ubishi ule wa 2015, wa kupiga kura na kukaa mita 200 kutoka kituoni, mpaka ukafika mahakamani). Na Mbeya mjini tulishakuwa tumempeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, mtu wa hip hop, kuanzia 2010 mpaka 2020. Kwa vijana wa Mafiati na Kabwe ilikuwa ajabu kumuona mbunge anayevaa kofia kama wao. Sisemi kila aliyemchagua alimchagua kwa kofia, nasema kofia iliwafanya wasikilize.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hiyo. Nguo ya kupewa inakufunga mdomo. Ya kununua mwenyewe inakufungua. Basi nishone kitu cha kununua, kisicho cha chama, kinachozungumzia kujiandikisha tu.

Kisicho cha chama. Hahaha. Ngoja niwaambie kuhusu rangi.

Kijani na njano, mnajua. Tena ukikwepa siasa unakutana na Yanga. Bluu na nyekundu, CHADEMA, na CUF nao wamo humo. Nyekundu na nyeupe, Simba, utauza nusu ya mji. Zambarau nikaipenda sana, ACT Wazalendo wameshaichukua, na huku kwetu zambarau ni Mbeya City, ukivaa wanakuuliza matokeo. Kaki ndo hilo gwanda lenyewe. Pinki nikafikiri nimepona, mteja mmoja akaniambia mwezi wa kumi pinki ni ya saratani ya matiti, watu watadhani unapima. Chungwa ya kampuni ya simu. Nyeusi msiba. Nyeupe na vumbi la Mwanjelwa sahau. Nikapata drili nzuri damu ya mzee, nzito, inafaa baridi, jirani yangu wa viatu akaishika akasema, "Hii si ni nyekundu iliyozeeka tu." Nchi hii rangi zimeisha. Mwisho nikachukua kahawia, kama kahawa ya Mbozi ikishakaangwa, nikasema hii hata mpinzani wa kila kitu hawezi kuikataa. Kuna mzee akapita akauliza kama nashonea wafungwa.

Rangi ikapita, tukaja kwenye maandishi, na hapa ndo penyewe.

Mnamkumbuka Michelle Obama 2020, kwenye mkutano wao wa chama, alivaa kimkufu shingoni kina herufi nne za dhahabu, VOTE, yaani piga kura. Basi. Usiku mmoja dunia nzima ikatafuta kile kimkufu. Herufi nne! Mi NIMEJIANDIKISHA ni herufi kumi na tano. Jaribu kuziweka kwenye mgongo wa dada mwembamba wa saizi ndogo. Nilikata herufi kutoka kwenye vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye sare, nikazibandika kwa kile kitambaa chenye gundi tunachopiga pasi, halafu nikazizungushia zigizaga. Mstari mmoja haukutosha, ukaanza begani kushoto ukaishia kwapani kulia. Nikaukata mara mbili, NIMEJI juu, ANDIKISHA chini. Mtu akivaa na begi mgongoni, ANDIKISHA inafunikwa, inabaki NIMEJI. Mtu akichomekea kanga, NIMEJI. Akipakizwa kwenye bodaboda akakaa vibaya, NIMEJI.

Nikajaribu kufupisha. KURA, herufi nne safi, nazo zinatosha hata kwenye hereni. Nikalitundika la mfano. Kesho yake mama mmoja anauza mbogamboga akaja akaniuliza mchezo wenu ni wa shilingi ngapi kwa wiki na kura ya kwanza inatoka lini. Kwake kura ni ile karatasi ya kuchota kwenye upatu ujue nani anapokea wa kwanza. Na ana haki, kura hiyo inamgusa kila wiki, ile nyingine kila miaka mitano. Nikarudi kwenye NIMEJIANDIKISHA yangu ndefu. Lugha yetu imezoea kanga, bana. Pindo, mji, halafu jina linatambaa chini kwa raha zake sentensi nzima, hata Obama aliposhinda 2008 kanga yake ilimpongeza kwa maneno kamili siyo herufi nne. Sisi hatusemi kwa mkato. Kosa langu lilikuwa kutaka mkufu wa Chicago kwenye mwili wa kanga.

Kitu pekee nilichobuni ambacho mpaka leo najisifia ni mfuko. Ndani ya koti upande wa kushoto niliweka mfuko mdogo kipimo cha kadi ya mpiga kura, una zipu, bitana ya kitenge. Nilimwambia kila mnunuzi weka kadi humo, usiweke hela.

Nilishona makoti kumi na nne, elfu thelathini na tano moja. Yaliyouzika tisa. Mawili nikampa mama na mdogo wangu, moja liliibiwa, moja panya, na moja ndo hilo la msumarini, lilinyeshewa likiwa limeanikwa, gundi ya mstari wa chini ikaachia kabla sijapiga zigizaga, ikabaki NIMEJI.

Sasa yale tisa yalifanya nini? Ukweli ni kwamba hayakufanya nilichotaka, yalifanya kingine. Hakuna mtu aliyesoma mgongo wa mtu akakimbia ofisi ya mtaa. Ila kibanda changu kiligeuka. Kwa siku kumi zile watu walikuwa wanasimama wanauliza, kwani kinachoandikishwa ni nini, mbona mi nina kadi, mtoto kafikisha kumi na nane mwezi huu anaruhusiwa? Kijana mmoja wa chuo cha hapa Iyunga akaja, kwao Mufindi, anauliza akijiandikisha Mbeya na mwakani kura ya rais atakuwa field Iringa itakuwaje. Nikamweleza ya mtaa ni ya unapoishi sasa, na ile ya Tume unaweza kuhamisha taarifa zako wakati wa uboreshaji wa daftari. Akasema hakuna mtu aliwahi kumwambia. Hakununua koti. Akaenda akajiandikisha, na akarudi na wenzake wanne kuuliza hilohilo. Wale hawakununua pia! Biashara gani hii.

Dereva mmoja wa boda alinunua, akavaa siku nzima, jioni akarudi analalamika kila abiria anamuuliza maswali na yeye mwenyewe hajajiandikisha, anaona aibu. Nikamwambia vua au kajiandikishe. Akaenda kesho yake. Huyo mmoja namhesabu, huyo ni wa koti kabisa.

Na kina mama wa kikoba, wale wa madole kumi na tatu, walienda wote kumi na wawili siku ya nane, wakiwa na sare ya sendoff kwa sababu ndo siku walikuwa wanatoka kujaribishia. Foleni nzima ikadhani kuna harusi.

Halafu ikaja siku nikaitwa. Sitasema na nani wala ofisi gani. Niliulizwa koti lile ni la chama gani. Nikasema la hakuna chama. Nikaulizwa sasa nani kakulipa. Nikasema wateja. Yule bwana akaligeuza koti, akafungua zipu ya mfuko, akaingiza kidole, akakuta hamna kitu, akaniangalia kama nimeficha. Hawakunifanya chochote, waliniambia tu niwe makini, na siku ya kupiga kura watu wasiende nalo kituoni. Nilitoka pale miguu inatetemeka kwa ajili ya koti la kahawia. Kweli sare na alama za chama haziruhusiwi kituoni, hilo naliunga mkono kabisa, mtu apige kura bila kupakwa rangi ya mwenzie. Lakini neno nimejiandikisha ni alama ya chama gani?

Nikamkumbuka Condester Sichalwe, wakati huo mbunge wa Momba, jirani zetu hapo mkoa wa Songwe. Juni 2021 alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali, mbunge mwenzake alisimama akalalamikia mavazi, Spika Ndugai akamwambia atoke akavae vizuri. Mi nikiwa fundi niliiangalia ile picha kwa makini ya kazi. Blauzi ya njano, suruali nyeusi, paja limekaa kawaida tu, nimeshona zinazobana zaidi kwa wake za wachungaji. Wananchi wa Momba walimtuma akaseme mambo ya barabara na mazao, nchi nzima wiki ile ikajadili mshono. Nguo inaweza kumuingiza mtu kwenye siasa, na inaweza kutumika hivyohivyo kumtoa nje ya mlango.

Lakini swali lililonishinda halikutoka ofisini. Lilitoka kwa jirani yangu wa viatu, yule wa damu ya mzee. Kila siku alikuwa ananiangalia nakata herufi, siku ya tisa akaniuliza taratibu tu, "Dada, nikishajiandikisha, nimchague nani?" Nikamwambia hilo siwezi kukuambia. Akasema hapana, hujanielewa, nani yupo? 2019 wapinzani walijitoa, wagombea wao walikuwa wamekatwa kila kona. Akasema subiri uone na safari hii. Novemba 27 ikafika, matokeo yakatangazwa, CCM zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Alikuja asubuhi akafungua banda lake, hakusema neno, akaanza kupiga soli misumari.

Yeye alijiandikisha, niseme. Na alipiga. Alinionyesha kidole.

Na 2025 sikushona kitu. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, ilipopita mnajua ilivyopita, watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa siku kadhaa, Mwanjelwa ikafungwa kimya sijawahi kuisikia hivyo tangu nizaliwe. Kuna mtu alinitumia meseji baadaye, kwamba wewe si ndo ulikuwa unahamasisha watu na makoti yako. Sikumjibu, sina jibu linaloenea kwenye mgongo wa mtu hata ningekuwa na mistari kumi. Drili ya kahawia iliyobaki nilishonea wanafunzi vifuniko vya mabegi.

Juzi nimeenda kwa mama. Asubuhi baridi, ukungu, nikamkuta yuko shambani kavaa sweta, na juu ya sweta, badala ya zile nyuso za wagombea, kavaa koti langu. Nikataka kukasirika, elfu thelathini na tano hiyo mama, la kutokea, siyo la viazi. Limepauka mabegani, lina udongo, lakini herufi zote kumi na tano zipo, ile zigizaga niliipiga vizuri.

Jirani yake akapita njiani na ndoo kichwani, akalisoma kwa sauti, pole pole, silabi kwa silabi kama anasoma darasani, akasimama.

"Mama, wameanza tena kuandikisha?"

"Bado," mama akasema. Akajinyoosha kiuno, akafuta mkono kwenye kanga, akafungua zipu ya ule mfuko wa ndani akatoa kadi yake imefungwa nailoni, akamwonyesha. "Ya kwako umeiweka wapi?"

Yule mama akashusha ndoo chini.